Bao la Kuombea Radhi

Nahodha Machano alishachoshwa na mikono ya Wilmer. Mshambuliaji huyo kutoka Amerika Kusini alikuwa amechezea karibu klabu zote za ligi hii, na kila alipoifunga mojawapo aliinua mikono kuomba radhi, kana kwamba ameua mtu.

"Ndugu yangu, hawa wa leo hujawahi kuwachezea," Machano alimwambia kabla ya mechi. "Ukifunga, shangilia nasi."

Dakika ya themanini Wilmer akafunga, akakimbilia kibendera cha kona. Machano akamfuata, mikono wazi.

Wilmer akasimama ghafla. Jukwaani, wakala wake alikuwa akipeana mkono na mwenyekiti wa wapinzani, wote wakicheka.

Polepole, mikono ya Wilmer ikaanza kupanda.