Wimbo Kabla ya Mpira

Haya nilisimuliwa na Bi Tausi, muuza karanga wa uwanjani, Ijumaa iliyopita tukichagua mchele.

Anasema ilikuwa fainali ya wasichana. Wimbo wa taifa ukapigwa, watu wote wakasimama isipokuwa Mzee Kilindo, baba yake nahodha Nyamizi.

"Simama, mzee! Au umegandia hapo?" mtu mmoja akamkejeli, wenzake wakacheka.

Mwenyekiti wa timu akapanda jukwaani, jasho linamtoka. "Mzee wangu, unatuaibisha. Utarudiwa huu wimbo, na usiposimama, Nyamizi hachezi."

"Mara ya mwisho niliusimamia walipomteremsha kaburini mwanangu askari," mzee akajibu polepole. "Sina ugomvi na nchi yangu. Ila kuusimamia kwa ajili ya mpira, miguu inakataa."

Nyamizi alikuwa amekwisha kuja mbio kutoka kwenye mstari. Akavua kitambaa cha unahodha, akamkabidhi mwenyekiti.

"Wewe kaa tu, baba," akasema.

Wimbo uliporudiwa, yeye alisimama pale pale, mkono begani kwa mzee, akauimba mpaka mwisho huku machozi yanamtiririka. Timu ikacheza bila yeye, ikafungwa.

Alasiri ile, anasema Bi Tausi ambaye ni jirani yao, wakarudi nyumbani. Binti alijilaza mkekani na jezi yake, usingizi ukamchukua. Mzee akamfungua kamba za viatu, akavivua taratibu asimwamshe, akavipanga mlangoni vikiwa vimeelekea nje. Kisha na yeye akajinyoosha upande wa pili wa mkeka, akalala.