Mkono Kwenye Kikoba

Mkono uliingia kwenye kikoba cha Mzee Torquil katikati ya dansi, ukapapasa, ukatoka na peremende mbili.

Torquil hakukatiza hatua. Alizunguka mzunguko wake, kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti, ikapepea magotini, akarudi uso kwa uso na mwenye mkono.

"Chukua na ya tatu, Murdo," alisema. "Mpelekee dada yako."

Murdo, mwanawe wa kwanza, jitu zima lenye ndevu na kilti kama ya baba yake, alirudi kwenye mstari uso umemwiva.

Ilikuwa siku ya michezo ya Strathcarrow. Nje wanaume walikuwa bado wanarusha magogo. Ndani ya ukumbi wa kijiji fidla ziliwaka tangu adhuhuri. Kilti haina mfuko hata mmoja. Ulicho nacho kinakaa kwenye kikoba kinachoning'inia mbele kwa mnyororo, na ukitaka kucheza unakisogeza ubavuni kisikupige pabaya. Mwizi anangoja hapo hapo.

Tangu asubuhi Sheena, bintiye, alikuwa akimwimbia wimbo huo huo. "Baba, michezo inaleta wezi kutoka kila mji. Tupe sisi pini ya Mama tukuwekee."

"Wezi nawajua," Torquil alimjibu. "Niliwapeleka kubatizwa mimi mwenyewe."

Maana alishasikia kila kitu. Mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Edinburgh alikuwa ameketi garini nje ya ukumbi, anaisubiri. Pini ya fedha, mioyo miwili iliyoshikana chini ya taji. Mama yake Torquil aliivaa, kisha marehemu mkewe Elspeth akaivaa mpaka siku aliyolazwa hospitali. Na watoto walishaipatanisha bei kabla hata ya kuishika. Aliposikia, mzee aliumia mpaka akashindwa kula. Kisha akakasirika, na hasira ikamrudishia hamu ya chakula.

Nyumbani walishapekua. Waligeuza godoro, wakachungulia hadi ndani ya birika. Koti lake hapo kwenye kiti Murdo alishalikung'uta. Basi kitu anacho mwilini, kitakuwa wapi kwingine?

Dansi ya pili, Sheena naye akajitosa. Mtandio wake ulikuwa wa rangi za ukoo wa mumewe, umebanwa begani kwa pini, kama wanawake wote mle ukumbini. Alijifanya anafunga kamba za kiatu, vidole vikapanda kwenye soksi ya baba yake. Vikagusa kitu kigumu.

"Hicho ni kisu, mama. Angalia usijikate."

"Baba, unatuaibisha!"

"Mimi? Nani kapiga magoti mbele za watu anapekua soksi za mzee?"

Bi Una Tulloch, mpiga kinanda wa kanisa, aliyekuwa akicheza na Torquil, alicheka mpaka akashika mbavu. Sheena akamvuta kando.

"Bi Una, wewe anakusikiliza. Msemeshe, tafadhali. Itaibiwa ile."

"Nimsemeshe nini, mwanangu? Mimi mwenyewe nilimwambia ni kitu cha thamani mno kutembea nacho." Bi Una akauweka sawa mtandio wake. "Akaniambia vitu vya kuvaliwa vivaliwe."

"Kichwa ngumu!"

"Hilo usiniambie mimi."

Kikobani hakuna. Soksini hakuna. Kotini hakuna. Kaka na dada wakasimama ukutani na kuikodolea macho kilti.

Torquil akawaona. Muziki ulipotua, alijisimamisha katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, miguu kaitanua.

"Haya! Pamebaki mahali pamoja tu!" alinguruma. "Hakuna mwanaume wa Strathcarrow aliyewahi kujibu kavaa nini ndani ya kilti. Lakini ninyi damu yangu. Nani anainama kwanza?"

Ukumbi ukalipuka.

"Inama, Murdo!"

"Mpeni tochi!"

Murdo aliangalia viatu vyake. Afadhali alale rumande mwezi mzima kuliko kuinua kilti ya baba yake mbele ya kijiji.

"Thubutu!" Torquil alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Niko hai. Mnanisikia? Niko hai, na mnanigawana! Nenda kamwambie yule wa kwenye gari ashike njia yake. Hakuna kinachouzwa hapa."

Sheena alianza kulia. "Sisi tunaogopa itapotea, Baba. Ukishaondoka wewe, nani atajua iko wapi?"

"Yupo atakayejua."

Murdo akatoka, akachelewa kidogo, akarudi peke yake. Nje gari lilisikika likishuka mteremko. Torquil akamimina wiski, akainywa mara moja, akajifuta masharubu.

Hapo mpiga fidla mkuu akapanda juu ya kiti.

"Jamani, dansi ya mwisho! Na desturi ni desturi, maharusi wapya waifungue peke yao. Wamo humu humu, msidhani hawamo. Wamefunga ndoa Alhamisi, Inverness, mbele ya msajili, na shahidi ni mimi!"

Watu wakageuza shingo huku na huku wakitafuta vijana.

Torquil akakisogeza kikoba ubavuni, akavuka ukumbi, akamnyooshea mkono Bi Una Tulloch. Mtandio wake ulikuwa wa rangi za ukoo wa Torquil, na kilichoubana begani ni mioyo miwili ya fedha, iliyokuwa ikimeta mbele ya macho ya Murdo na Sheena tangu adhuhuri.