Mahari Imeshaliwa

"Binti yako amemaliza darasa la saba?" karani wa wilaya aliuliza.

"Amemaliza, ndugu." Tangu mumewe Marsiana afie vitani Uganda, malipo ya serikali kwa mtoto wa askari ndiyo yaliyowalisha. Alipiga magoti. "Najua mtayakata malipo. Nionee huruma, hata tuvune mtama kwanza."

"Inuka, mama. Hayakatwi kama mtoto anaendelea na masomo. Hakuchaguliwa sekondari?"

Alichaguliwa, msichana peke yake kijijini. Marsiana ndiye aliyemkatalia, kwa kuwa hakuona pa kupata nauli wala godoro. Binti alilia. Jana wakwe wa binti walileta ng'ombe wanne wa mahari, na mmoja akachinjwa. Harufu ya mafuta yake ilikuwa bado vidoleni mwa Marsiana.

"Mama, unanisikia?" karani aliuliza.

Marsiana alikwisha kutoka mbio.

Alipofika nyumbani Nyarubungo, mashangazi walikuwa wakimpaka binti siagi mabegani, kumwandaa kwa harusi.

"Jifute," Marsiana alisema akihema. "Unakwenda shule."

"Na ng'ombe tuliyemla, mama?"

Marsiana aliokota fimbo, akaondoa magogo mlangoni mwa zizi, akaanza kuwatoa watatu waliobaki, awarudishe kwa wakwe.