Kuku Aliyeukabili Upepo

Kisiwa kimoja cha Pasifiki kiliishiwa chakula, Panya na Kuku wakaingia baharini kutafuta kisiwa kingine, kila mmoja na mtumbwi wake. Panya alitweka tanga, upepo ukamsukuma. Kuku aliukabili upepo uleule, akasonga kwa taabu.

"Dada, una wazimu?" Panya alimcheka. "Upepo wa bure unaukataa?"

"Siukatai, kaka. Nauweka akiba ya kurudia."

Mara mbili Kuku hakuona nchi kavu. Akageuza, upepo ukamfikisha nyumbani. Mara ya tatu akapata kisiwa chenye minazi, akarudi kuwachukua wanawe.

Siku ya kuhama, kifaranga akauliza, "Mama, mjomba Panya hajarudi hadi leo. Naye alipata kisiwa?"

"Huenda alipata, tena kizuri kuliko chetu," Kuku akajibu. "Ila nani atatuletea habari?"