Kisahani cha Shomari

Kibwana alivunja friza ya maabara kwa nyundo, chupa za damu zikapasuka sakafuni.

“Mchawi we! Uliwatoa damu wanangu, Shomari na Hamadi, wakafa!”

“Mioyo yao ilikuwa mibovu tangu tumboni, kaka,” alisema Daktari Mwaija. “Natafuta kinachoziwasha vibaya jeni, chembe za urithi, za mapigo ya moyo, nimwokoe binti yako aliyebaki, mwenye ubovu huohuo.”

Nyundo ikamvunja Mwaija mkono. Ndipo Kibwana akaona, ndani ya kisahani cha kioo mezani, kipande kidogo cha nyama kikidunda chenyewe.

“Nini hicho?”

“Moyo wa Shomari. Nimeuotesha kutokana na damu yake. Kaka, usi...”

Akakiponda.

Mkono mmoja ulivunjika. Damu ya watoto wawili ilimwagika, na waliozikwa hawatolewi nyingine. Nyumbani, binti ya Kibwana alikuwa akiruka kamba.