Chai ya Posa

Bi Mwanasiti alikuja kumposea mwanawe, na sasa kikombe cha chai kilikuwa kikimchoma vidole. Nyumba ile chai ilichemshwa na sukari yake humohumo birikani. Asipokunywa, watasema hamtaki binti yao. Akisema daktari kamkataza, watasema ukoo wake una kisukari, mtoto wao wamtoe kwa nini?

Alikaa upande huu wa mkeka, akahamia ule.

"Mkwe, mbona hunywi? Au kumeingia nzi?" alitania Bi Zamda, mama wa binti. Wanawake wakacheka. "Haya basi, kitendawili!"

"Tega," wanawake wakaitika.

"Shambani nasimama kama mkuki, nyumbani nalala kwenye kijiko."

"Sukari," Bi Mwanasiti alijibu, akaweka kikombe chini. "Nami nimekatazwa, dada. Nina kisukari." Akafungua fundo la leso, akatoa kikopo cha vidonge vya utamu. "Nipatie chai isiyo na sukari tu, nitatia hivi."

Bi Zamda alimtazama binti yake aliyekaa pembeni, kisha akainuka, akabeba birika kuelekea jikoni. Pazia la mlango likabaki likiyumba, na wote wakakaa kulitazama, wasijue kama atarudi na chai nyingine au na jibu la posa.