Kengele ya Mwalimu Tilda

Ukumbi mzima ulikuwa unampigia makofi Mwalimu Tilda Brekke, naye alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwalimu, leo huna fimbo, kwa hiyo tutakusifu mpaka tuchoke," alisema Halvor, mwenyekiti wa sherehe hiyo ya kumheshimu. Watu wakacheka.

Halvor akaanza kusimulia ile dhoruba ya theluji, mwaka wa tatu tangu wazee wao wahamie nyika za baridi za Dakota na kujenga vibanda vya udongo. Watoto wa pale waliijua hadithi hiyo kuliko sala zao. Asubuhi ilikuwa tulivu. Mwalimu akaona wingu jeusi kwa mbali, akawaruhusu wanafunzi mapema. Wingu lilipozidi kuja mbio, akapiga kengele kuwarudisha walio njiani. Kumi na mmoja walirudi, Halvor akiwamo, wakapona.

"Wenzetu wawili, Eivind na Borghild Aasen, hawakuisikia," alimalizia kwa sauti ya chini. "Mungu awarehemu."

Uongo huo Tilda aliuanzisha mwenyewe, na ulikuwa umemla kwa miaka arobaini. Mama yao, Gunhild, alikaa mstari wa mbele, amekonda, kahawa yake haijaguswa. Daktari alikuwa amempa wiki chache tu. Asipoambiwa leo, hataambiwa tena.

Tilda akaenda kukaa kando yake.

"Mama Gunhild, wa kwanza kuwakuta wanao wamekufa ni mimi. Walikuwa katikati ya njia, nyuso zimeelekea shuleni. Kabla wanaume hawajafika, nikawageuza waelekee kwenu. Kengele waliisikia. Nisingeipiga, wangefika nyumbani. Niliwaua mimi."

Bibi kizee hakushtuka. Alimshika mkono.

"Umebeba hilo peke yako miaka yote hii, mwanangu?"

"Nilikuogopa, mama."

"Na mimi nilikuogopa wewe." Gunhild akatazama pembeni. "Nyumbani walifika. Nilikuwa nimeshawavua mabuti. Niliposikia kengele, nikadhani wametoroka shule. Nikawachapa, nikawavisha tena, nikawarudisha kwako."